Karani na Vitabu vya Maisha

Mtu aliyepata riziki yake kwa kusoma maandishi ya watu wengine, si kwa ladha wala kwa elimu bali kwa kuisaka tarehe iliyokosewa, mhuri uliosahauliwa na sahihi isiyolingana na jina, asistaajabu akistaafu na kujikuta na kitabu kizuri magotini ilhali hawezi kuuvuka ukurasa wa tatu. Hayo yalinifika mimi. Sehemu kubwa ya umri wangu niliitumia katika masjala ya mahakama mojawapo ya Nairobi, nikipokea majalada, nikiyapa nambari, nikiyapanga rafuni na kumwomba Mola yasiliwe na panya, na nilipoaga kazi nilidhani kwamba yanayoningoja nyumbani ni faragha, miwani mipya na vitabu vyote nilivyoviahirisha tangu ujana. Faragha niliipata kiasi, miwani niliinunua, vitabu vikanikataa.

Nasema vikanikataa kwa kuwa hapo awali tulikuwa na usuhuba mkubwa. Nilizaliwa Mombasa katika nyumba isiyokuwa na kitabu ila msahafu na Maulidi, lakini jirani yetu mmoja, seremala wa majahazi aliyekwisha kufifia macho, hakukosa kununua gazeti la Baraza, lile lililoanza kuchapwa Nairobi mwaka 1939 na likawa likisomwa bara na pwani kwa miongo kadhaa. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimetiwa shule na herufi za Kizungu zimenikaa, nikaajiriwa, kwa ujira wa kashata, niwasomee wazee barazani baada ya sala ya alasiri. Habari za serikali walizisikiliza kwa adabu, huku wakivuta tasbihi. Walichokingojea hasa ni barua za wasomaji: fulani wa Tabora analalamika kwamba mahari imepanda, fulani wa Kisumu anasimulia jinsi nduguye alivyomdhulumu urithi, fulani wa Pemba anamjibu kwa shairi aliyemtukana kwa shairi majuma mawili nyuma. Hapo tasbihi zilisimama. "Rudia hapo, mwanangu," seremala alikuwa akisema, "huyo wa Tabora asema kweli, au ajipamba?" Nami nikirudia, na wazee wakimjadili mtu wa Tabora kana kwamba ameketi mkekani mwetu, wakimlaumu, wakimtetea, wakimtafutia mke wa mahari nafuu, hata magharibi ikaingia na gazeti halijafika nusu. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa nikifundishwa kusoma. Nilidhani nachuma kashata.

Masjala haikuyaua mapenzi hayo kwa mkupuo mmoja. Iliyaua kwa hati za viapo. Asiyepata kuzishika hawezi kujua ajabu yake: kila moja huanza kwa nafsi ya kwanza, mimi fulani bin fulani, mtu mzima mwenye akili timamu, wa sanduku la posta nambari kadha wa kadha, naapa na kusema kama ifuatavyo, kisha aya hufuatana kwa nambari, na yule "mimi" aliyeanza kwa kishindo hutoweka kabisa, kwa kuwa lugha si yake bali ya wakili, na wakili naye ameinakili kutoka katika hati ya mteja wa jana. Mjane aliyenyang'anywa shamba na tajiri aliyemnyang'anya huzungumza kwa sauti moja. Kijana aliyekatwa mkono na mashine kiwandani na mwenye kiwanda anayekana dai lake hutumia maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, na wote wawili humaliza kwa kusema kwamba yaliyotajwa humo ni ya kweli kadiri wajuavyo na waaminivyo. Nilizisoma hizo asubuhi na alasiri, mwaka ukaingia mwaka ukatoka, na sikuwa nikimtafuta mtu ndani yake, maana mtu hakutakiwa. Lililotakiwa ni kwamba nambari ya aya isirukwe na stempu ya ada iwepo. Jicho likizoezwa hivyo huwa halina likizo.

Nyumba yangu i Dandora, mashariki ya Nairobi, na sina budi kueleza jinsi nilivyofika, kwa kuwa mtaa huu una sehemu yake katika habari hii. Mpango wa viwanja na huduma, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuanzishwa mwaka 1975, ulikusudia kugawa viwanja vipatavyo 6,000 kwa watu wa kipato kidogo, na aliyejaliwa kupata alionyeshwa kipande cha ardhi chenye choo, bafu na bomba la maji, pengine na chumba kimoja, akaambiwa kwamba yaliyobaki ajenge mwenyewe. Tulijenga. Marehemu mke wangu alikuwa na akili ya hesabu kunishinda, na chumba baada ya chumba tukaizungusha ploti yetu mpaka ua ukabaki katikati, tukawapangisha mafundi, wauguzi, makanga, na mama mmoja muuza mboga ambaye hata leo yupo. Katika miaka hiyo hiyo Baraza la Jiji likaanza kumwaga taka katika machimbo ya mawe yaliyo jirani nasi, na jaa hilo, lililotangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa, bado linapokea malori kila uchao, na moshi wake huingia majumbani bila kubisha hodi. Wageni wanaoandika juu ya Dandora huanza na jaa na kuishia na jaa. Mimi nimekaa hapa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na katika fikira zangu jaa huja baada ya mambo mengi.

Basi nikastaafu, nikakaa uani na riwaya. Sitazitaja, kwa kuwa hazikuwa na kosa. Nilikuwa nikianza sura ya kwanza, na mara naona kwamba mhusika aliyekuwa na miaka thelathini wakati wa mavuno amefikia thelathini na miwili kabla ya mvua. Nikatwaa penseli, nikapiga mstari, na hadithi yote ikaporomoka mbele yangu. Nikajaribu tamthilia, nikaanza kuhesabu wahusika. Mke wangu angalikuwapo angalinicheka; yeye alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, na ukimya wa nyumba nao ulikuwa na sehemu yake katika udhia ule, kwani mtu mwenye simanzi akijikuta hawezi kusoma hujiona amekosa hata pa kwenda.

Wokovu wangu ulitoka kwa muuza vitabu vya inama katikati ya mji, mmoja wa wale wanaotandika gunia kando ya barabara, wakazipanga juu yake kamusi, Biblia, vitabu vya uhasibu na riwaya za mapenzi, na kumlazimu mteja apinde mgongo ili asome majina. "Mzee wangu, chukua hiki, ni cha rika lako," akaniambia, na kwa kweli sikujua kama ni heshima au ni kejeli. Kilikuwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, jalada limefifia, mgongo umebandikwa utepe wa plasta, na katika ukurasa wa kwanza mhuri wa zambarau wa shule moja ambayo sitaitaja jina. Aliyekitumia zamani alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Pambizoni ameandika kwa wino wa buluu: "Sifa za mhusika: mvumilivu, mcha Mungu, mwenye bidii." Kurasa chache mbele: "Dhamira: elimu." Na pale mwandishi anapofiwa na mkewe Amina, mwanafunzi amebadili kalamu, akapiga mistari miwili ya wino mwekundu na kuandika: "Swali linakuja hapa! Toa mifano minne."

Nilisimama na kitabu hicho mkononi, watu wakinipiga vikumbo, nikamwona mtoto yule nami nikajiona. Tulikuwa tumefanyiwa jambo moja, yeye shuleni na mimi kazini: tumepewa mtu aliye hai tukaamriwa tumgeuze orodha.

Usiku ule nilikisoma mpaka adhana ya alfajiri. Kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na akafariki mwaka 1962, kila aliyepita katika darasa la Kiswahili analijua hilo. Kwamba ni mshairi na bingwa wa lugha, pia tumeimbishwa. Lakini sijui ni kwa nini hakuna aliyepata kuniambia, kwa namna ya kunigusa, kwamba alikuwa karani. Tangu mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa mtumishi wa forodha, kisha akahamishiwa idara ya mifugo huko Mpwapwa, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, kisha upimaji wa ardhi. Mchana aliandika shehena na ushuru kwa kalamu ya serikali, akatii wakubwa waliomzidi mshahara na pengine hawakumzidi akili, na jioni akarudi nyumbani kwake akaandika tena, safari hii kwa ajili yake, bila kuruhusu mwandiko wa ofisi umfuate mlangoni. Ndani ya kitabu hicho yumo mume, yumo baba anayewausia wanawe kwa tenzi, binti kwa utenzi wake na mwana kwa wake, yumo mtumishi anayehama na mizigo yake, na wote hao ni mtu mmoja ambaye hakubali kupewa nambari za aya. Mimi nami nimezika mke. Hati ya kifo chake niliijaza mwenyewe, kwa herufi kubwa, pasi na kosa hata moja, na nilipofika katika kurasa za Amina niliweka miwani chini.

Tangu siku hiyo nilisoma vitabu vya maisha kwa pupa ambayo sikuipata tena tangu utoto, na kwa muda nilidhani kwamba nimepona ukarani. Haikuwa hivyo, na ninashukuru. Mwalimu mmoja mstaafu wa Awamu ya Pili ya mtaa wetu, ambaye vitabu vyake amevifungia katika sanduku la chuma kwa hofu ya mchwa, aliniazima Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, maneno aliyoyaeleza mwenyewe Unguja uzeeni, Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayatoa tena huku kwetu baada ya nusu karne. Kiswahili chake kinakwenda mbio, hakina pambo, hakina kilio. Anaanza akiwa kijana wa miaka kumi na miwili anayechuuza sandarusi, na kabla msomaji hajajua yaliyompata amekwisha kuwa bwana wa nchi nzima huko Manyema, pembe zikipimwa kwa frasila na vita vikitajwa kwa utulivu ambao mtu mwingine angetajia mvua. Nikaona jicho langu la masjala linaamka. Likaanza kuuliza: shahidi huyu anayekumbuka mizani na madeni, mbona wanaobeba mizigo hawana majina? Waliotekwa wako wapi? Kwa nini katika kurasa hizi zote hakuna anayelia? Nilipoyauliza hayo sikukichoka kitabu, bali nilikisoma kwa makini zaidi, na nikafahamu kwamba shuku niliyokuwa nikiilaumu, ambayo ilizivunja riwaya mikononi mwangu, katika vitabu vya namna hii si maradhi bali ni haki ya msomaji. Mtunzi wa riwaya hakuahidi kwamba mambo yale yametokea. Mwenye kusimulia maisha yake ameahidi, na aliyeahidi hana budi kuvumilia kuulizwa. Huko ndiko alikokuwa akinipeleka seremala na swali lake la mtu wa Tabora.

Aidha niligundua jambo ambalo nalisema kwa tahadhari, kwani mimi si mtaalamu. Nathari yetu ya Kiswahili, tuyaachilie mbali mashairi ambayo ni bahari nyingine, katika siku zake za mwanzo za kuchapwa iliwapa watu nafasi kubwa ya kujieleza. Yuko Tippu Tip. Yuko Salim bin Abakari, mtumishi aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari zake Carl Velten akazitia katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, ambamo Mwafrika wa visiwani anawatazama watu wa baridi kwa udadisi ule ule ambao wao waliutumia kututazama sisi. James Mbotela wa Freretown, kwetu Mombasa, alipotoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kitabu ambacho wengi hukiita riwaya ya kwanza, hakwenda mbali kutafuta visa. Baba yake mwenyewe alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Mlango mmojawapo wa kwanza wa nyumba yetu basi ni huo, na shule zetu zimeupigilia misumari. Mtihani wa fasihi wa kidato cha nne umezoea kudai riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Kitabu cha mtu anayesimulia maisha yake hakimo, na mtoto aweza kumaliza shule asijue kwamba Kiswahili kina kitu kiitwacho tawasifu ila kama swali la insha.

Watoto wa mtaa huu, hata hivyo, wameupata mlango huo kwa dirishani. Sijui kitabu kinachoazimwa na kupotea katika mitaa hii ya Eastlands kuliko My Life in Crime cha John Kiriamiti, kilichotoka mwaka 1984, ambacho mwandishi alikiandika akitumikia kifungo cha wizi wa mabavu, na ndani yake amejivika jina la Jack Zollo kwa kitambaa chepesi ambacho hakimfichi. Kipo kwa Kiingereza, lakini nimewasikia vijana wakikisimulia chote kwa Kiswahili cha huku bila kusita. Mwana wa mpangaji wangu mmoja alikileta uani siku stima ilipopotea, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, akaketi kwenye mtungi uliopinduliwa, akaniuliza, "Babu, hii ni ukweli ama ni story tu?"

Nikamwambia kwamba nimeshika majalada mengi ya wizi wa mabavu, na ndani yake zimo bastola, magari, saa za mkononi na fedha zilizohesabiwa hadi senti, lakini sijapata kuona jalada lililosema kwamba mshtakiwa aliogopa.

"Sasa?"

"Sasa soma, kisha unionyeshe wapi anaogopa na wapi anajipamba."

Akanionyesha. Alikuwa mkali kuliko mahakimu kadha niliowahi kuwapelekea majalada, na hakuvutiwa na risasi hata kidogo. Alivutiwa na mahali jambazi anapodanganya nyumbani kuhusu kazi aifanyayo, kwa kuwa, alisema, hapo ndipo mtu huwa peke yake. Mtaa huu umezika vijana wengi wa umri wake. Sikumwongezea neno.

Ikawa desturi. Alasiri za Jumapili tunasoma uani kwa sauti, si kwa sababu watu hawajui kusoma bali kwa sababu vitabu ni vichache na masikio ni mengi. Mama mboga husikiliza huku akichambua sukuma, na ndiye mwenye maswali magumu. Tulisoma Mau Mau Kizuizini, tafsiri ya mwaka 1965 ya kitabu cha J. M. Kariuki juu ya kambi alizofungwa kati ya 1953 na 1960, na tulipokimaliza niliwaeleza kwamba mwandishi huyo, baada ya kuponea kambi zote za wakoloni, aliuawa katika nchi yake iliyo huru mwezi wa Machi 1975, mwaka ule ule ambao Dandora ilianza kupimwa viwanja. Mama mboga akauliza ni nani aliyefungwa kwa kosa hilo. Nilikuwa karani, nikamjibu kikarani: hakuna. Tulisoma pia Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi, na hapo uani tukacheka mpaka wapangaji wa ploti ya pili wakaja kuuliza kuna nini, maana kijana wa Unguja anayetoroka kwao kwenda kutafuta elimu ughaibuni bila nauli ya kutosha ni mtu ambaye kila mmoja wetu ana binamu mfano wake.

Kitabu kilichotukalia kitako lakini ni Nasikia Sauti ya Mama cha Ken Walibora. Vijana walimjua kwa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, yaani walimjua kwa mitihani, na walishangaa kwamba mtu wa mitihani alikuwa na mama. Tarehe 10 Aprili 2020 aligongwa na matatu katika barabara ya Landhies, njia inayouunganisha mji na mitaa yetu ya mashariki, na siku kadhaa zikapita kabla ya jamaa zake kumpata katika chumba cha maiti. Mtu aliyesomwa na vizazi vya wanafunzi alikuwa amelazwa pasi na jina. Dereva mmoja wa bodaboda anayehudhuria kikao chetu hupita hapo kila siku. Alisema, "Ningekuwa nimesoma hiki kabla, labda ningemjua uso," na ingawa mantiki ya maneno hayo haisimami mahakamani, sote tulimwelewa.

Nisije nikadhaniwa kwamba nasifu kila kitabu chenye "mimi" ndani yake. Zipo kumbukumbu za wakubwa, nene kama tofali, zenye picha za mwandishi akisalimiana na wakubwa wenzake, zilizoandikwa na mwandishi wa kukodiwa ambaye jina lake halionekani, na hizo nimezikuta zinafanana sana na zile hati za viapo: hakuna aliyekosea, hakuna aliyeogopa, na yaliyotajwa humo ni ya kweli kadiri mwenyewe ajuavyo na aaminivyo. Tulijaribu kusoma moja. Mama mboga alimaliza kuchambua mboga mapema siku hiyo.

Wala nisidhulumu haki ya wenyeji. Nilipowaambia vijana kwamba Dandora haina kitabu cha maisha yake walinipinga, wakanitajia Kalamashaka, vijana wa hapa hapa ambao mwishoni mwa miaka ya tisini walighani kwa Kiswahili cha mtaani, wakati wasanii wengi wa Nairobi walikuwa bado wakiiga Kiingereza cha Marekani, na wimbo wao wa Tafsiri Hii ukaenea nchi nzima. Wakanitajia Ukoo Flani Mau Mau, wakanitajia Juliani. Nikanyamaza nikasikiliza, kwani nyimbo hizo zilipotoka mimi nilikuwa nikifunga dirisha. Nakubali kwamba ni ushahidi, na ni ushahidi mzuri. Lakini msanii husema kwa dakika nne na kwa niaba ya wengi, na mimi nina uchu wa yule anayesema kwa kurasa mia mbili na kwa niaba yake peke yake: fundi aliyejenga ukuta wa ploti yake usiku kwa sababu mchana alikuwa akijenga kuta za watu, mwanamke aliyelea watoto kwa kuokota vyuma na karatasi jaani na kuziuza kwa kilo, mwalimu aliyefungua shule katika chumba chake cha kulala. Nawajua watu hao, na wamo katika masafa ya sauti yangu.

Pa kusomea pia pamepatikana, kwa anayetaka. Maktaba za Makadara na Kaloleni, ambazo ni matawi ya ile ya McMillan iliyofunguliwa mjini mwaka 1931 na kwa muda mrefu ikawa ya Wazungu peke yao, zimefanyiwa ukarabati na shirika la Book Bunk, lililoundwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, na mzee wa Dandora mwenye nauli ya matatu aweza kuketi humo mchana kutwa asiulizwe kitu. Mimi huenda. Hukaa karibu na watoto wanaofanya kazi za shule, na nikimwona mmoja amepiga mstari mwekundu kitabuni hujizuia kusema lolote, ingawa si kila mara.

Kwa wale wanaochagua vitabu vya kutahiniwa nina ombi moja, nalo ni kwamba katika orodha ijayo watie kitabu kimoja tu cha mtu anayesimulia maisha yake, na katika mtihani wake wasiulize sifa nne za mhusika. Waulize mahali ambapo msomaji hakumsadiki mwandishi, na kwa nini. Na kwa jirani zangu: waliogawiwa viwanja vya Dandora katika miaka ya sabini wanazidi kupungua, na msimu uliopita tumewazika kadha wa kadha. Aliye na baba, mama, babu au nyanya miongoni mwa waliobaki na anunue daftari la kurasa mia mbili, aketi naye jioni hii, amuulize ilikuwaje siku alipoonyeshwa kiwanja chenye choo na bomba tu, naye aandike kila neno kama lilivyotamkwa.